Chapati Yenye Alama za Meno

Masika mwanangu,

Umekwenda kuagwa na wanakwaya wenzako, nami nimebaki hapa nyumbani, mtaani Hewa Bora, na sanduku lako. Sijalifungua. Nalisema hilo mapema ili ukirudi usianze kukagua kama kuna kitu kimehamishwa. Najua unavyonifikiria, na sikulaumu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chandarua, wala kwamba ukishuka Kolwezi ushike begi kifuani na si mgongoni. Hayo unayajua, na usiyoyajua Kolwezi itakufundisha bila kukuomba ruhusa. Nataka kukuandikia juu ya chai ya Jumapili. Mdomo wangu umeshindwa kuitaja wiki nzima, labda mkono utaweza.

Jumapili tuligombana juu ya Madame Solange. Tangu siku ile alipokula chapati yetu pale sokoni, mtaa wa Kenya hapa mjini, akasema atakupeleka Kolwezi ukamwendeshee jiko la mgahawa wake, mimi sijalala vizuri. Nilikuambia kwamba mtu anayefungua mgahawa wakati migodi inafunga, wakati watu wanatoa vitanda vyao nje kuviuza, huyo ana kitu anachokijua ambacho sisi hatukijui. Ndugu zangu kule Butembo wanapiga simu kila siku kwa sababu ya vita, wanauliza kama hapa kuna sakafu ya kulalia, na yeye anachagua rangi ya viti. Nikaongeza kwamba alipokuja hapa nyumbani tulimletea Fanta iliyofunguliwa jikoni kwa bahati mbaya, naye akainywa mpaka mwisho bila hata kuiangalia. Mtu asiyeogopa sumu, nikasema, ni mtu aliyezoea kuibeba. Ukacheka kwanza. Halafu ukaona sitanii, ukakasirika, ukatoka.

Baadaye ukarudi na kikombe cha chai. Ya tangawizi, sukari kidogo, kama ninavyoipenda. Ulikuja kutafuta amani, na mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo. Nikakipokea kikombe, nikakishika kwa mikono miwili, nikakutazama. Wewe umekulia mbele ya macho haya na unajua yalikuwa yanangoja nini. Yalikuwa yanangoja uonje kwanza.

"Mama," ukasema, "hata miye?"

Ukaondoka. Kikombe kikabaki juu ya kigoda mpaka chai ikafanya ngozi.

Acha nikueleze tabia hii niliipata wapi. Usidhani najitetea. Wewe umezaliwa hapa Lubumbashi, na watu wa hapa wana hofu zao, lakini sisi wa Butembo tumelelewa na chupa. Chupa haifunguliwi jikoni. Inaletwa ikiwa imefungwa, inafunguliwa mbele ya mgeni, na mwenye nyumba anaonja kwanza. Chakula hivyohivyo. Mwenye nyumba anamega upande wake, anameza, halafu mgeni ananawa mikono. Hakuna anayeona ni matusi, ni heshima tu kama kumfutia mtu kiti vumbi.

Babu yako alikuwa na duka la jumla. Siku moja alikunywa bia kwa mshirika wake wa biashara bila kuangalia imefunguliwa wapi, kwa sababu walikuwa wameanza pamoja tangu ujana wao, wakiuza sabuni kwa baiskeli. Hakumaliza mwaka. Daktari alisema ni ini. Sisi nyumbani tulisema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu kila mtu anamjua aliyeuawa nayo na hakuna anayemjua anayeiuza. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na nilichojifunza pale ni kwamba kinachoua hakitoki kwa adui, kwa kuwa chakula cha adui huli. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yangu alilirudia neno hilo kila alipotupakulia, na tukala hivyohivyo, tukichunguliana. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sumu au ini.

Basi nilipoolewa nikaja huku na marehemu baba yako, aliyekuwa dereva wa malori ya wafanyabiashara wa kwetu, nilikuja na sufuria mbili na macho hayo. Wewe ulipokuwa bado unanyonya nikapata kazi katika jiko la kambi ya mgodi mmoja, upande wa barabara ya Likasi. Walikuwa wanatafuta mwanamke anayejua kusukuma chapati. Nikajiuliza wazungu wanataka chapati za nini. Nikakubali, lakini nilijiuliza.

Ndipo nikamkuta Rogelio, mpishi mkuu. Alikuwa mtu wa Mexico, kutoka kaskazini, jimbo linaloitwa Sonora, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Kiswahili alikiokota kwa wafanyakazi, kwa hiyo alikisema kama wao, na makosa yake juu. Alinionyesha anachotaka. Chapati nyembamba ya ngano, pana kuliko sahani. Ndani unaweka maharage na nyama, unaiviringisha, na ncha zake unazikunja ndani ili kisidondoke kitu. Mchimbaji anaitia mfukoni, anakula kwa mkono mmoja huku mwingine unafanya kazi. Inaitwa burrito, akasema, maana yake punda mdogo. Nikamuuliza kama ndani mna punda. Akacheka sana, mimi sikucheka.

Siku ya kwanza trei zilirudi zimejaa. Wachimbaji walipita dirishani, wakaona vitu vimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa, wakaenda zao shimoni na njaa. Rogelio akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Masika, juu ya nini bantu habakule? Iko mubaya?"

"Haiko mubaya, Chef. Imefungwa."

"Na kufungwa iko mubaya?"

"Kintu ya kufungwa, muntu hayue ndani muko nini. Pengine iko nyama ya paka. Pengine iko kintu ingine. Kwetu mwenye kupika njo anaonjaka wa kwanza."

Hakubishana. Kesho yake alisimama dirishani mwenyewe, akamwambia mchimbaji wa kwanza achague yoyote katika trei. Akaichukua ile iliyochaguliwa, akaifungua, akaing'ata ncha yake mbele ya foleni nzima, akawaonyesha ndani, kisha akaila yote. Watu wakacheka, wakachukua zao. Kuanzia siku hiyo alifanya hivyo kila zamu. Tumbo lake likaongezeka, na alinilaumu mimi.

Ungedhani hapo ningemwamini. Bado. Kwetu mgeni unamuuliza anatoka wapi, na akikupa majibu mawili unaficha kuku. Mimi nilimuuliza burrito ilitoka wapi. Akaniambia habari ya mzee mmoja katika mji wa mpakani, Juárez, wakati wa vita vya mapinduzi vya kwao. Mzee huyo aliuza chakula akiwa na punda, akikifunga ndani ya mkate wa ngano kisipoe, na watu wakazoea kuuliza kile chakula cha punda mdogo. Nikaona sawa, habari nzuri. Wiki chache baadaye nikamsikia akimwambia fundi umeme wetu habari nyingine kabisa: kwamba ilianzia kwao Sonora, kwa wachunga ng'ombe na wachimbaji, na inaitwa hivyo kwa sababu imefanana na blanketi lililoviringishwa juu ya mgongo wa punda. Na mkubwa wa kambi alipouliza, akapewa ya tatu: kwamba watu wa zamani wa nchi ile walikuwa wanafunga chakula ndani ya mkate wa mahindi kabla Wahispania hawajafika, ngano ikaja baadaye na mapadri, ikashika kaskazini kwa sababu udongo wa huko uliipenda. Nilizisikia zote tatu. Mwanamke anayesukuma chapati pembeni, watu hudhani hana masikio.

Na kitu chenyewe hakikuwa na sura moja. Kwao, alisema, mkate wake ni mwembamba mpaka unauona mkono ng'ambo, unanyooshwa juu ya kigasha cha mkono, na ndani unatia kitu kimoja tu, nyama iliyokaushwa ikapondwa ikakaangwa na yai. Juárez ni ndogo, yenye mchuzi mzito. Kusini mwa nchi yake mwenyewe wapo wasiojishughulisha nayo kabisa, wao wana vyakula vyao vya mahindi. Wale waliovuka mpaka kwenda kulima mashamba ya Wamarekani walikwenda nayo, na huko ikaota mapembe. San Francisco wanaijaza wali, maharage na kila walicho nacho, mpaka unaibeba kama mtoto. San Diego wanatia viazi vya kukaanga. New Mexico wanaila asubuhi na mayai na pilipili mbichi, na wengine wanaimwagia mchuzi juu wanaila kwa uma. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Na fourchette, Mama? Burrito na fourchette? Ile haiko burrito. Ile iko accident."

Sasa niambie, mwanangu. Kitu chenye asili tatu, sura chungu nzima, na jina la mnyama ambaye hayumo ndani. Na mtu anayekileta anabadili maneno kulingana na anayemsikiliza. Nilimbana siku moja tukiwa tunaosha meza.

"Chef, weye unadanganyaka bantu. Kila muntu unamupa habari yake."

Hakukasirika. "Hapana, Mama. Minasema ile nilisikia. Kwetu kila muntu iko na yake. Kweli ya kweli, miye siyue. Hakuna muntu anayua."

Nikachukua jibu hilo kama mtu anavyochukua ushahidi. Jioni nikamwambia baba yako kwamba yule si mpishi wala si mtu wa Mexico, ni mtu aliyekimbia kitu. Baba yako alikuwa anakula, akaweka tonge chini.

"Muntu anakuambia asema hayue, na weye unamuita mwizi? Wenye kuyua yote njo ungeogopa."

Sikumsikia. Nilikuwa namsikia mama yangu.

Halafu bei ya shaba ikaanguka. Tulikuwa tunaisikia redioni, lakini redioni unasikia mengi. Asubuhi moja mitambo haikuwashwa, na kukawa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia kambini, nikasikia hata jogoo wa kijiji cha jirani. Kabla ya saa sita wageni walikuwa wanapakia magari kwenda uwanja wa ndege, na sisi tulikuwa tumepangwa nje ya jiko tukiambiwa turudi nyumbani. Hakuna aliyesema kwa muda gani. Walinzi walifungua kila mfuko wa kila mtu getini, wakatoa kijiko, wakatoa kipande cha sabuni. Watu waliokuwa wanasalimiana kwa majina jana wakawa wanachunguzana kama wezi. Nami nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa hodari.

Rogelio akatoka jikoni na aproni yake bado kiunoni. Gari lake lilikuwa linapiga honi. Akanisukumia mkononi kitu cha moto, kimefungwa katika karatasi ya kung'aa.

"Ya njia, Mama."

Ni hilo tu alilosema. Honi ikapigwa tena, akapanda gari akiwa hajavua aproni. Nikakificha kitu kile ndani ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, maana nilifikiri labda ni mtego wa walinzi. Unaona nilivyokuwa.

Tulirudi mjini nyuma ya lori, tumebanana na magodoro. Njaa ikanishika. Nikafungua karatasi, nikakuta burrito yenye ncha moja iliyong'atwa. Alama za meno zilionekana wazi, na maharage yalikuwa yamechungulia nje. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tunaosha naye sahani akaona, akapiga makofi.

"Mama Masika, muzungu alikupa makombo yake! Weye na imbwa ya kwake munakula sahani moja."

Lori zima likacheka. Walikuwa wamefukuzwa siku hiyo na walihitaji kitu cha kuchekea, sasa nawaelewa. Wakati ule damu ilinipanda. Kwetu tunamega kwa mkono. Kitu kilichong'atwa kwa meno hupewi, labda uwe mbwa kweli. Nikasema kimoyomoyo: uliona, wewe hukukosea, huyu mtu alikuwa anakudharau tangu mwanzo. Nikaitupa. Ikaangukia mtaroni na lori likaenda, na nakuambia ukweli, nilijisikia vizuri. Kuwa na mashaka halafu ukathibitishiwa ni utamu ambao sijui nikueleze vipi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Malori yalisimama, baba yako alikaa nyumbani akitengeneza kiatu kilekile. Nikachukua kifuniko cha pipa nikakipiga kikanyooka, nikanunua mbabula ya kuwashia makaa, nikakufunga mgongoni, nikaenda kukaa pembeni mwa soko la Kenya. Chapati nilizijua, kuviringisha nilifundishwa. Nyama hatukuwa nayo, nikatia maharage na pilipili. Alfajiri nilizitengeneza hapa nyumbani, nikazipanga ndani ya beseni, nikazifunika kitambaa cheupe, nikangoja wateja.

Hakuna aliyenunua. Mimi, niliyemweleza mgeni kwa nini watu hawali kilichofungwa, niliketi na beseni la vitu vilivyofungwa nikishangaa watu wanapita. Walikuwa wanavitazama jinsi mimi ningevitazama. Siku ya pili yake mama mmoja muuza makala, makaa ya kupikia, akasimama. Alikuwa mweusi wa vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, ndani muko nini?"

"Maharage."

"Maharage ya namna gani? Onja."

Nikachukua moja. Mkono mmoja ulikuwa umeshika miguu yako kwa sababu ulikuwa unapigapiga mgongoni, kwa hiyo sikuweza kumega. Nikaing'ata ncha, nikatafuna, nikameza, nikampa. Na pale, mkono wangu ukiwa umenyooka mbele yangu, nikaiona chapati iliyokuwa ndani yake. Ncha haipo. Alama za meno, na katikati kijistari cha unga kilichopita kwenye pengo langu la mbele.

Yule mama akaipokea bila wasiwasi, akala. Mimi nikabaki nimenyoosha mkono mtupu.

Aliionja, Masika. Rogelio aliionja kwa ajili yangu. Siku ile gari linapiga honi, watu wanakimbia na masanduku, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, yeye alisimama jikoni akanipikia, akakumbuka kwamba mimi ni mtu ninayeogopa. Hakupata nafasi ya kuonja mbele yangu. Basi akaonja kule ndani, akaniachia alama nione. Alifanya vilevile nilivyomfundisha. Ni mimi niliyemfundisha, na ni mimi niliyeitupa mtaroni nikafurahi.

Nililia pale sokoni. Mama wa makala alidhani ni pilipili, akanipa maji. Sijui Rogelio alifika wapi, wala kama yu hai. Sina mtu wa kumwomba msamaha, na ndiyo maana unanisikia wakati mwingine nikisukuma unga nanung'unika peke yangu.

Tangu siku hiyo naviringisha mbele ya mteja, na hayo mengine unayajua kwa sababu ulikulia pale. Unajua watu wa mtaa wa Kenya wanataka samaki wadogo ndani na pilipili ya kutoa machozi. Wanafunzi wa chuo wanataka yai na mayoneizi. Madereva wa mpakani Kasumbalesa wanataka maharage mengi na chapati mbili pamoja, halafu wanalalamika kwamba hata hivyo si bukari, ugali waliouzoea. Na wote wanauliza ilitoka wapi. Umenisikia nikimwambia dereva kwamba ni ya kwetu Butembo, maana wafanyabiashara wetu waliona chapati ya mayai kule Uganda wakaileta. Ni kweli. Mwanafunzi nimemwambia ni ya Mexico. Nayo ni kweli. Polisi nilimwambia ni ya bibi yangu, kwa sababu kwa polisi unapunguza maneno. Siku moja ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, kila muntu unamupa habari yake." Nilishtuka mpaka nikaunguza chapati, na hukujua kwa nini.

Sasa Madame Solange. Sitajifanya nimebadilika. Nilimuuliza burrito ilianzia wapi, akajibu upesi, California, na kwamba juu ya mlango ataandika kuwa yake ni ya kweli na ya kwanza. Hakufikiri hata kidogo. Hilo linanitia shaka mpaka saa hii ninayoandika. Mtazame kama anakula jikoni kwake mwenyewe. Mtazame anavyowaita wanaoosha sahani. Akianza kukuambia usiviringishe mbele ya watu kwa sababu inachelewesha, jua kuna kitu, na nauli ya kurudi usimwambie mtu umeiweka wapi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nitakuwa mbali.

Lakini huenda alikunywa Fanta yetu kwa sababu alikuwa na kiu. Baba yako angesema hivyo. Au aliinywa kwa sababu alituona sisi ni watu wema, na mimi nikaugeuza wema huo kuwa kosa lake. Siwezi kujua kutoka hapa. Utajua wewe, ukiwa pale, na ninaomba usiamue kabla hujageuza kitu upande wa pili ukakitazama. Mimi macho yangu yanaona meno tu. Hayaulizi aliyeng'ata alikuwa na maana gani.

Na ile chai. Ningependa kukuandikia kwamba yalikuwa mazoea ya macho, kwamba kichwa hakikuwemo. Si kweli kabisa. Kwa muda wa pumzi moja nilifikiri: amekasirika, anataka kwenda, na kinachomzuia ni mimi. Nilifikiri hivyo juu yako, mtoto niliyembeba mgongoni siku nilipojifunza ubaya wa kufikiri hivyo. Ukaiona pumzi ile usoni kwangu. Ukauliza hata wewe, na sikukujibu kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Naona aibu, mwanangu. Naandika neno hilo bila kulizunguka.

Ulipokwenda nikainywa. Ilikuwa baridi na ina ngozi juu, nikainywa yote mpaka kwenye tangawizi ya chini. Ilikuwa chai nzuri. Nilipaswa kuinywa ukiwa umesimama pale.

Kesho asubuhi kabla ya basi nitengenezee nyingine. Usionje. Ukiionja nitakasirika. Nipe tu kikombe, ukae kwenye kigoda, uniangalie nikinywa.

Na kwenye mfuko wa chakula cha njia, si ndani ya sanduku, nimekuwekea kitu kimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Ina maharage na yai, na samaki wadogo kidogo kwa sababu nakujua. Utaifungua huko mbele, labda mkishapita Likasi, na pengine atakuwepo mtu pembeni yako wa kucheka. Utaona ncha moja haipo. Utaona alama za meno, na katikati yake lile pengo langu.

Usiitupe dirishani. Kula, Masika. Mama ameshaonja.